Oktoba 14 na redio: waacheni watu wamalize kusema

Sikukuu za kitaifa zina neema moja ambayo wenye redio hawaitangazi: watangazaji wengi wako nyumbani. Studioni anabaki mtu mmoja wa zamu, fundi mitambo kama yupo, na mlinzi getini. Wale vijana wa asubuhi wanaopokezana vicheko na kuweka wimbo kila baada ya dakika tatu hawapo. Matangazo ya biashara nayo hupungua, maana ofisi zimefungwa. Lakini hewa haiachwi tupu, kwa hiyo kinachorushwa ni kile kilichorekodiwa mapema au kilichochimbuliwa maktaba: mahojiano ya saa nzima, hotuba, mjadala, mchezo wa redio, mashairi, mawaidha. Niliwahi kufanya kazi kwenye redio ya jamii, upande wa mitambo, na najua ratiba ya sikukuu inavyopangwa. Vipindi virefu vinatangulizwa kwa sababu vinampumzisha aliye zamu. Msikilizaji anadhani ameandaliwa karamu. Na kweli anaipata, hata kama mpishi alikuwa anatafuta usingizi.

Ndiyo maana Oktoba 14 ya mwaka 2024, Siku ya Nyerere, sikutoka. Nilikaa nyumbani Morogoro, redio juu ya kabati la vyombo, nikawa naihamisha stesheni tangu alfajiri mpaka usiku. Ilikuwa Jumatatu, na ilikuwa miaka 25 kamili tangu Mwalimu Nyerere afariki katika Hospitali ya St Thomas, London. Nilijua watamleta kwa wingi. Shangazi yangu alikuwa amekuja kutoka Kilosa kutibiwa macho, na mtu anayesumbuliwa na macho ndiye mwenzi bora wa kusikiliza naye redio: hana muda na simu.

Saa kumi na mbili asubuhi redio moja ya kanisa ilikuwa na padri na katekista. Walizungumzia mchakato wa kumtangaza Mwalimu kuwa mwenye heri, uliofunguliwa Jimbo la Musoma mwaka 2005, na ambao umelifanya Kanisa Katoliki limwite Mtumishi wa Mungu. Katekista alieleza kwa utulivu kwamba ukitaka kuombewa na Mwalimu unapaswa kusali vipi, na kwamba ukipata muujiza usikae nao kimya, uupeleke kwa paroko wako uandikwe. Sauti ya chini, hakuna muziki, hakuna anayemkatiza mwenzake.

Nikahamia redio ya Kiislamu. Huko alikuwepo mzee wa Dar es Salaam, msemaji hasa, akisimulia Kariakoo ya miaka ya 1950. Alianza na TAA, chama kilichoitangulia TANU, akaja Julai 7, 1954 ilipozaliwa TANU yenyewe, akaeleza jinsi Mwalimu alivyoacha kazi ya kufundisha Pugu mwaka 1955 na kupokelewa nyumbani kwa Abdulwahid Sykes, mmoja wa waasisi wa chama. Kisha akamfikia Bibi Titi Mohamed, mwanamke aliyekuwa akiimba katika kikundi cha ngoma kabla hajaanza kuwaingiza wanawake wenzake kwenye chama, na ambaye baadaye nchi hiyo hiyo ilimshitaki kwa uhaini, akafungwa, akatoka mwaka 1972. Mzee hakupandisha sauti hata mara moja. Alisema tu kwamba kijana mgeni hawezi kufika mjini akajenga chama peke yake, lazima wawepo wenyeji waliomtandikia mkeka.

Nikawa naruka kutoka huyu kwenda yule. Padri alikuwa na mtu wa sala na mzee alikuwa na kijana wa kupokelewa, na wote wawili walikuwa wanasema kweli. Kinachoniuma ni kwamba wanaomsikiliza padri hawamsikii mzee, na wa mzee hawamsikii padri. Ningekuwa na redio yangu ningewaweka meza moja, saa mbili, chai katikati, na mtangazaji asiyeongea sana.

Shangazi alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchele kwa vidole. "Huyo Titi nilimsikia redioni nikiwa mtoto," akasema. "Ukimsikia ungedhani yumo ndani ya nyumba, anakufokea wewe."

Kuanzia saa tatu hivi, stesheni nyingi ziliungana na Mwanza. Mwaka ule mbio za Mwenge wa Uhuru zilihitimishwa Uwanja wa CCM Kirumba, na Rais Samia alikuwepo. Sherehe ya kilele cha Mwenge ni mtihani kwa mtangazaji wa redio, maana sehemu kubwa ni ya kutazama: halaiki, gwaride, rangi, vijana wanaounda maumbo uwanjani. Anachofanya ni kuongea bila kupumua. "Na sasa ndugu msikilizaji wanainuka, wanainuka, naam, wanainama." Mtoto wangu wa kwanza alicheka hadi akakohoa, akauliza wanaumwa na nini. Mimi nawaheshimu watu hawa. Kumwonyesha asiyeona kitu ambacho na wewe unakitazama kwa mara ya kwanza, bila karatasi, kwa sauti moja, ni kazi ambayo wengi wa watangazaji nyota wa asubuhi wasingeiweza robo saa. Baada ya hapo zikasomwa taarifa za miradi iliyozinduliwa na wakimbiza Mwenge, tarakimu juu ya tarakimu, nikapunguza sauti.

Tangazo lililokuwa likijirudia siku ile halikuwa la sabuni wala mtandao wa simu. Lilikuwa la uandikishaji wa wapiga kura wa serikali za mitaa, uliokuwa umeanza Oktoba 11 na kuishia tarehe 20. Balozi wetu wa nyumba kumi alipita adhuhuri akiuliza nani hajajiandikisha. Redio na balozi walisema maneno yale yale, ila balozi alikunywa na uji.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, yaani hotuba.

Kila stesheni siku ile ilikuwa na vipande vya Mwalimu. Kipande ni sekunde ishirini, thelathini, chini yake kinanda cha huzuni au ngoma, mwishoni jina la stesheni. Tulivikuta kila tulikohamia: kile cha kuwasha mwenge na kuuweka juu ya Mlima Kilimanjaro, kile cha vita ya Amini, uwezo, sababu na nia, kile cha Ikulu kuwa mahali patakatifu. Na kile cha viboko. Hiki watu wanakipenda kwa sababu kinachekesha: mla rushwa anachapwa viboko 12 siku anayoingia gerezani na 12 siku anayotoka, akamwonyeshe mkewe. Ukumbi unaangua kicheko, kinanda kinapanda, tunarudi kwenye muziki.

Kichekesho kile kimesimama juu ya sheria halisi. Mwaka 1963 Bunge lilipitisha sheria ya adhabu za chini kabisa, na kiini chake ni kwamba kwa makosa kadhaa, rushwa ikiwemo, hakimu alinyang'anywa hiari. Mtu akipatikana na hatia, kwa kawaida hakimu hakuwa na ruhusa ya kumwonea huruma: kifungo kisichopungua miaka miwili, na viboko vyake. Hapo unaweza kuuliza maswali mazito. Je, ni sawa kumfunga hakimu mikono? Vipi mtu aliyehongwa kuku? Viboko vinarekebisha au vinadhalilisha tu? Kipande hakikupi nafasi ya kuuliza lolote, kinakupa kicheko na mke wa mtu.

Saa saba mchana ndipo bahati ilipotuangukia. Stesheni moja iliachia hotuba nzima ya mwaka 1995, ule mwaka ambao Mwalimu, mstaafu wa miaka kumi, alizunguka akiongea kuelekea uchaguzi wa kwanza baada ya vyama vingi kurudi. Nadhani aliyekuwa zamu alikwenda kula. Haikukatwa, haikuwekewa kinanda. Ulisikia viti vinavyosogezwa, mtu anakohoa karibu na kipaza sauti, na Mwalimu mwenyewe anacheka kile kicheko chake chembamba kabla hata watu hawajaelewa wanachekea nini.

Na humo ndani ukafika ule msemo ambao kila Mtanzania anao mdomoni, kwamba dhambi ya ubaguzi ni kama kula nyama ya mtu, ukishaionja huachi. Kwenye vipande msemo huu huwa hauna mwenyewe. Unatumika dhidi ya ukabila, udini, ubaguzi wa rangi, ushabiki wa mpira, hata kwenye vikao vya harusi. Ndani ya hotuba una anwani. Anazungumzia Muungano. Ilikuwa haijapita muda mrefu tangu mwaka 1993, wabunge wale 55 walipodai serikali ya Tanganyika, na Mwalimu alikuwa bado na hasira nayo. Anajenga hoja hatua kwa hatua: Mzanzibari akijitenga kwa kusema sisi Wazanzibari, wao Watanganyika, hataishia hapo. Siku ya pili atagundua kwamba hakuna Wazanzibari, kuna Waunguja na kuna Wapemba. Na Watanganyika nao wakishamfukuza Mzanzibari watatazamana. Ndipo nyama ya mtu inaingia, kama hitimisho la hesabu aliyokuwa akiipiga mbele ya watu kwa dakika kadhaa.

Unaweza kukubaliana na hesabu hiyo au kuikataa. Wapo Wazanzibari wengi wenye majibu mazuri sana kwake, na ningependa kuyasikia redioni kwa urefu ule ule. Ila huwezi kumjibu mtu ambaye umesikia jibu lake la mwisho tu. Kipande kinamfanya Mwalimu asijibike, na nadhani hilo ndilo linalowafanya wengine wavipende vipande.

"Alikuwa anajua kuwasubiri watu wacheke," Shangazi akasema. "Siku hizi wanaongea kama wanakimbizwa."

Hotuba ilipoisha mtangazaji alisema: "Huyo ni Baba wa Taifa," kisha wimbo. Hakusema ilitolewa wapi, tarehe ngapi, mbele ya nani. Hili ni kosa dogo lenye hasara kubwa. Kijana wa miaka kumi na nane anayesikiliza hajui kama ni 1961, 1978 au 1995, na Nyerere wa miaka hiyo mitatu si mtu mmoja. Wa kwanza anaomba, wa pili anapigana, wa tatu hana madaraka tena na anawasema waliomrithi. Ukivichanganya vipande vyao unapata mzee mmoja wa busara asiye na umri, anayefaa kila mahali.

Mchana kukawa na kipindi cha afya, daktari akieleza shinikizo la damu kwa mifano mizuri, na hapo Shangazi ndipo alipofunguka. Mwaka 1973 alikuwa mke mdogo kijijini Kilosa, na redio ilikuwa moja, ya mwenyekiti. Ndiyo ilikuwa kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wale ambao hawakuikuta: Radio Tanzania Dar es Salaam ilirusha vipindi kwa wiki 12, na kote nchini watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi vya kusikiliza. Kipindi kikiisha redio inazimwa. Anayejua kusoma anasoma kijitabu, kisha watu wanajadili, halafu wanaamua watafanya nini: kuchimba choo, kufyeka nyasi kuzunguka nyumba, kuchemsha maji. Miaka miwili nyuma ilikuwepo nyingine, Wakati wa Furaha, ya kuadhimisha miaka kumi ya Uhuru, ndogo zaidi, watu kama elfu ishirini.

"Tuligombana sana," Shangazi akasema. "Wanaume walitaka choo kiwe mbali, sisi tukasema usiku nani atakwenda na mtoto huko mbali? Mwalimu wa kikundi akasema haya, semeni wanawake kwanza. Tukasema. Tukachimba karibu."

"Mlikitumia?"

"Kidogo. Mwaka uliofuata tukahamia kijiji kipya, tukachimba kingine."

Alisema bila uchungu, akiendelea na mchele wake, lakini mimi niliacha kuandika. Maana mwezi Novemba mwaka ule ule wa 1973, Mwalimu alitangaza kwamba kuishi katika vijiji ni amri, na kwamba ifikapo mwisho wa 1976 watu wote wa mashambani wawe wamehamia. Redio iliyowauliza watu mnataka choo kikae wapi ndiyo iliyowafikishia habari kwamba nyumba zenyewe zitahama. Hiyo amri sijawahi kuisikia ikirushwa Oktoba 14. Kama maktaba ya redio ya taifa, pale Barabara ya Pugu, barabara ambayo leo ina jina la Mwalimu, inayo kanda ya siku zile, ningeiomba ichezwe kwa urefu wake wote, mara tu baada ya kipande cha mwenge. Wanaompenda Mwalimu wasiogope. Aliyezoea kubishana na ukumbi mzima anaweza kubishana na sisi pia.

Jioni ikaja michezo ya redio, na kiwango kikashuka. Stesheni moja ilikuwa na mchezo mpya kuhusu mirathi, wahusika wote wanaongea kama barua ya halmashauri. Ni sanaa tuliyoiweza, hii. Watu wa umri wangu tulilelewa na Mama na Mwana ya Debora Mwenda, tukavunjika mbavu kwa Pwagu na Pwaguzi, na tukiwa wakubwa kidogo tukapata Twende na Wakati, iliyoanza 1993, na dereva wake wa lori, Mkwaju, ambaye kila mtaa ulikuwa na mtu wa kumfananisha naye. Mkwaju alipoupata Ukimwi watu walibishana vijiweni kama wanambishania jirani. (Eneo la Dodoma halikurushiwa mchezo ule miaka ya mwanzo, ili watafiti walinganishe waliosikia na wasiosikia. Nina rafiki wa Dodoma, kila akichelewa kuelewa jambo namwambia alikosa Mkwaju.) Siri ya michezo ile ilikuwa muda. Mkwaju hakuharibikiwa kipindi kimoja. Aliharibika taratibu, mbele ya masikio yetu, wiki baada ya wiki.

Saa kumi na moja wakafungua simu. Mada: ungekutana na Mwalimu leo ungemwambia nini? Mada ya uvivu, lakini wapigaji waliipandisha. Akapiga mkulima wa miwa kutoka Turiani. Alianza vizuri kabisa: akasalimia, akataja shamba lake ni ekari ngapi, akasema angemuuliza Mwalimu kwa nini mtu mwenye muwa hana neno kwenye mizani inayopima muwa wake. Akavuta pumzi aeleze mizani hiyo inavyofanya kazi, nami nikasogea karibu na kabati.

"Asante sana ndugu msikilizaji, muda hauko upande wetu."

Wimbo.

Muda hauko upande wetu! Siku nzima ilikuwa tupu, studio haina mtu, tangazo lenyewe ni moja, na mkulima aliyesubiri laini kwa vocha yake anaambiwa muda umekwisha pale pale alipofika kwenye mizani. Shangazi alisonya kwa sauti ambayo ingefika Kilosa.

Magharibi tulipata mashairi. Mwanamke mmoja alighani beti zake mwenyewe juu ya bei ya mkaa, kwa mahadhi ya zamani yasiyo na haraka, kituo cha shairi kikirudi kila ubeti. Alipewa muda wote aliouhitaji, labda kwa sababu hakuna aliyethubutu kumkata mtu katikati ya mizani na vina. Nikawaza kwamba mkulima wa Turiani angefanya busara kuja na vina.

Tulipomaliza kula, kila tulikohamia ni mpira. Kesho yake Taifa Stars walikuwa wanawakaribisha Kongo kwa Mkapa, kufuzu AFCON, baada ya kufungwa moja bila kule Kinshasa. Nilihesabu saa: wachambuzi walianza saa mbili, na nilipokwenda kulala walikuwa bado kwenye kiungo mkabaji. Wapigaji waliachwa wajieleze. Kijana wa Msamvu alipanga kikosi chake chote, golikipa mpaka mshambuliaji, akakosea namba, akaanza upya, mtangazaji akamwambia taratibu kaka, tunakusikiliza. Hakuna aliyemwambia habari za muda.

Shangazi, ambaye hajui Stars wanavaa rangi gani, alisikiliza mpaka mwisho. Asubuhi aliniambia kwamba yule kijana wa Msamvu ana hoja. Stars walifungwa mbili bila.